Maji Yalikuwa Tayari Jikoni

Najua mnanicheka. Mtu wa miaka thelathini na minne anasimama mbele ya watu, anatangaza kwamba amestaafu, halafu anavuta kiti akae kama mzee wa pensheni. Chekeni tu. Nimekuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ndogo, huku upande wa Ruhuwiko, vipindi viwili mfululizo, na utaratibu wetu haumruhusu mtu kuchukua cha tatu. Kwa hiyo mimi ni mstaafu. Na ninyi mnaokaa juu ya pikipiki nje ya geti wakati mama zenu wako ndani wanasali rozari, ndio ninaowaandikia. Uchaguzi ni mwezi ujao. Mmoja wenu atachaguliwa, na nina hakika siku hiyo hatakuwepo.

Mimi pia sikuwepo. Kwetu mwanaume huchaguliwa akiwa hayupo, kwa sababu akiwepo atakataa. Jumamosi moja nilikuwa nimelala, mama yangu akarudi kutoka jumuiya, akafungua dirisha la chumba changu kwa nje.

"Hongera, mwenyekiti."

"Mwenyekiti wa nini?"

"Wa jumuiya. Umepita bila kupingwa."

"Mama, mimi sijakanyaga jumuiya tangu nitoke chuo!"

"Ndiyo maana wamekuchagua. Sasa utakanyaga. Amka, chai inapoa."

Wakati huo nilikuwa nimerudi na shahada ya sosholojia na sina kazi ya shahada hiyo. Nilikuwa nauza mbegu za mahindi na mbolea kwenye duka la mjomba karibu na soko. Kanisani nilikwenda Jumapili, nikakaa benchi la mwisho, nikahesabu makosa ya mhubiri. Nilikuwa mtu wa maswali. Hata leo ni mtu wa maswali, ila siku hizi mengi najiuliza mwenyewe.

Siku ya kwanza nilipokwenda kuongoza nilikuta kina mama kumi na saba na wanaume wawili, mmoja wao amesinzia. Baada ya sala nikamfuata katibu, Mama Haule. Ni mama wa makamo, analima mahindi Maposeni, na anajua kila nyumba ya mtaa huu kuliko balozi wa nyumba kumi.

"Mama, samahani. Hapa wanawake mko kumi na saba. Kwa nini msichague mmoja wenu? Mimi hata litania siijui."

"Tulishachagua. Kabla yako alikuwa mama, na kila kitu kilikwenda."

"Sasa?"

"Sasa kuna kazi zilikwama. Kazi ambazo mwanamke hawezi kuzishika kwa mkono wake. Utaziona tu, mwanangu."

Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nilidhani anazungumzia vikao vya parokia, kule wanaume wanakosikilizana wao kwa wao. Nikaenda nyumbani nikiwaza juu ya mfumo dume, nikajiona mwenyekiti wa kisasa. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, kuelewa haraka.

Kazi yenyewe nilifundishwa na Mzee Luambano. Alikuwa fundi mwashi, mrefu, mikono yake imekauka kwa saruji, na aliwahi kuwa mwenyekiti zamani kabla hata sijapata komunyo ya kwanza. Alikuwa ndiye yule mwanaume wa pili, yule asiyesinzia. Baada ya kila jumuiya alitembea nami hadi njia panda na kunisahihisha, kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia.

"Leo umeanzisha wimbo kama unaita ng'ombe. Kina mama wamefika ubeti wa pili hawana pumzi. Anza chini, kijana. Anza chini hadi ujisikie vibaya. Wenyewe watapandisha."

Likumbukeni hilo. Mwenyekiti akianzisha wimbo juu, kufikia kiitikio wanabaki watoto peke yao.

Akanifundisha namna ya kumkatisha mtu anayesali maombi marefu. Tulikuwa na baba mmoja ambaye akija, mara mbili kwa mwaka, aliombea serikali, mvua, wasafiri, tumbaku ya Namtumbo, ndugu zake wa Mbinga mmoja mmoja kwa majina. Mimi nilikuwa nakohoa. Mzee Luambano akaniambia kukohoa hakusaidii. "Subiri avute pumzi. Akivuta tu, sema kwa nguvu 'Ee Bwana!' Watu wote wataitikia 'twakuomba utusikie', na hapo amekwisha." Nimeitumia miaka sita. Haijawahi kushindwa.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa la wagonjwa. Siku ya kwanza tuliyokwenda pamoja kumwona mgonjwa nilisimama mlangoni nikasema pole, nikasoma zaburi kwenye simu, nikamaliza. Tulipotoka akanishika bega.

"Ulimwangalia mgonjwa?"

"Nilimwangalia."

"Wapi?"

"Usoni, mzee."

"Usoni utadanganywa. Uso mtu anauandaa akisikia hodi. Kaa chini, karibu na kitanda, uangalie miguu. Miguu haijui kama kuna wageni. Ikiwa misafi, kucha zimekatwa, mtu huyu ana watu. Ikiwa si hivyo, funga kitabu chako, uliza beseni liko wapi."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari langu. Nilikuwa hodari wa kuandika.

Mwaka wa pili wa uenyekiti nikaanzisha kundi la WhatsApp. Huo ndio mchango wangu katika historia ya jumuiya, na kwa muda nilijivuna nao. Wanaume ambao hawajawahi kukaa kwenye mkeka wetu waliingia kundini wote. Nikituma somo la siku, wanajibu "Amina mwenyekiti." Nikituma tangazo la msiba, wanajibu "Tuko pamoja." Kwenye kikao cha parokia nikasimama nikaeleza kwamba ushiriki wa wanaume kwetu umepanda sana. Paroko akafurahi. Akasema siku moja nitawafundisha wengine.

Mzee Luambano hakuwa na simu ya namna hiyo. Alikuwa anasema, "Hao wanaume wako wa kwenye kioo, wakija nitawapikia."

Mwaka wangu wa nne akapata kiharusi. Upande wa kushoto wote ukalala, na mdomo ukapinda kidogo, ingawa maneno alibaki nayo. Mke wake alishafariki. Mtoto wake wa kiume alikuwa anafanya kazi Mbeya, kwa hiyo mzee alibaki na mkamwana wake, Mama Adela, na watoto wadogo wawili wa kike.

Mnajua, na kama hamjui waulizeni bibi zenu, mkamwana na baba mkwe ni watu wa kukaa mbalimbali. Mama Adela alimpikia, alimfulia, alimwekea chakula kwenye kigoda mlangoni pa chumba chake na kugeuza uso. Kumvua shati baba wa mume wake ni jambo ambalo asingeweza, na hata angeweza, mzee angekufa kwa haya kabla ya ugonjwa. Hawa kina mama wetu kumi na saba nao ni hivyo hivyo: nusu yao wanamwita baba mkwe, nusu wanamwita kaka.

Kila Alhamisi jumuiya ilipita kwake. Tulisali sebuleni. Yeye alikuwa chumbani, nyuma ya pazia la kitenge, na tukimaliza sala alikuwa anaitikia "Amina" kwa sauti yake ileile ya kusahihisha watu. Mara moja nilianzisha wimbo juu, nikasikia kutoka nyuma ya pazia: "Chini! Chini!" Tulicheka wote.

Miezi mitano nilikaa sebuleni pale. Pazia lile sikulifunua hata siku moja. Nilijiambia kwamba namheshimu.

Sasa nakuja kwenye ile wiki.

Kwetu padre huwatembelea wagonjwa kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, anawapelekea komunyo, na anayetaka kuungama anaungama. Mwenyekiti ndiye anayeandaa orodha na kumwongoza padre nyumba kwa nyumba. Jumatano kabla ya Ijumaa hiyo Mama Haule alinipigia nikiwa dukani.

"Mwenyekiti, mzee Luambano anamsubiri sana padre safari hii. Ameniambia kupitia mkamwana wake kwamba ana jambo la kuungama, la siku nyingi, na anataka kulitoa."

"Vizuri. Yumo kwenye orodha."

"Orodha siyo shida. Anahitaji kuogeshwa na kunyolewa. Ni wiki ya pili sasa hajaoga. Hawezi kumpokea Bwana hivyo, mwenyewe amesema. Tunahitaji mwanaume, hata mmoja, kesho au Ijumaa asubuhi."

"Nimekuelewa, mama. Nitalishughulikia."

Nikalishughulikia. Nikafungua kundi, nikaandika: "Wanaume wa jumuiya, mzee wetu anahitaji msaada wa kuogeshwa kabla ya Ijumaa. Tujitokeze." Majibu yalikuja mengi hadi nikayasukuma kwa kidole mara mbili kuyamaliza. Amina. Mungu amponye mzee wetu. Tuko pamoja. Mmoja aliweka picha ya mikono iliyokunjwa, na wengine wanne wakaipenda. Nikaweka simu mfukoni nikijua kazi imefanyika.

Mtaniuliza kwa nini sikwenda mwenyewe. Nilikuwa na sababu, tena ya kikanisa. Jumamosi yake kulikuwa na semina ya wanaume parokiani, na paroko alikuwa amenipa mada: "Mwanaume wa Kikristo, simama uongoze." Nilikuwa naandaa hotuba. Kurasa tisa, zimepigwa chapa.

Hiyo ndiyo sababu niliyowaambia watu. Ile ya kweli ni kwamba niliogopa. Sijawahi kumwona hata baba yangu mzazi bila shati. Niliogopa harufu, niliogopa ngozi ya mzee, niliogopa kushika mahali nisipojua pa kushika. Mtu aliyewahi kubishana na maprofesa juu ya kuwepo kwa Mungu aliogopa beseni.

Ijumaa asubuhi tulifika kwa Mzee Luambano, mimi, padre na Mama Haule. Mama Adela alikuwa ametandika kitambaa cheupe mezani sebuleni, juu yake mshumaa na msalaba mdogo. Watoto wamevaa sare za shule, wamekaa kimya. Lakini yeye mwenyewe alisimama mbele ya lile pazia la chumbani kama askari.

"Padre, tumsifu Yesu Kristo. Baba amesema msiingie."

Padre akacheka kidogo. "Milele amina. Ana nini?"

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Padre, shikamoo. Samahani. Leo sipo."

"Mzee, nakusikia. Upo."

"Nipo, lakini sipo katika hali ya kupokea mgeni mkubwa namna hiyo."

"Yesu haogopi harufu, mzee wangu."

"Yeye haogopi. Ninayeona haya ni mimi. Nimewapokea watu nyumbani kwangu miaka yote nikiwa nimevaa shati. Siwezi kumpokea Yeye nikiwa hivi nilivyo."

Padre akanigeukia. Alisema polepole, bila ukali:

"Mwenyekiti, jumuiya hii haina wanaume?"

Nikaangalia orodha yangu. Naikumbuka bado ile karatasi, majina saba, jina la mzee lilikuwa la tatu.

Mama Adela akasema, na macho yake yalikuwa chini: "Maji ya moto yapo. Yapo jikoni tangu alfajiri. Na sabuni ya mche, na wembe mpya. Nilidhani kuna mtu anakuja."

Sikilizeni vizuri, maana nimeandika barua nzima hii kwa ajili ya hapa. Maji yalikuwa tayari. Padre alikuwa amesimama pale. Nilikuwa mwanaume, mzima, nina mikono miwili. Ingechukua nusu saa. Mama Haule alinitazama. Nikasema:

"Padre, tukisubiri hapa tutachelewa kwa wagonjwa wengine."

Padre akabariki nyumba akiwa pale sebuleni, akasema kwa sauti, "Mzee, nakwenda Hanga mafungo, narudi Jumatatu. Nitakuja kwako kabla sijafungua hata barua." Mzee akajibu, "Nenda salama, padre. Nitakuwepo." Tukatoka. Nikawa natembea mbele, haraka, kama mtu mwenye shughuli nyingi.

Jumamosi nikatoa hotuba. Niliongea dakika arobaini. Nilisema wanaume wameacha madhabahu, wameacha jumuiya, wamewaachia wanawake mzigo. Nilisema mwanaume asimame. Ukumbi ulipiga makofi, mwanaume mmoja alisimama kweli. Baadaye tukapanga foleni kwa ajili ya pilau, na waliokuwa wanapakua, kama kawaida, ni kina mama. Mama Haule alikuwa kwenye sufuria la mwisho. Akaniwekea wali, akaniwekea nyama nzuri.

"Umeongea vizuri, mwenyekiti."

"Asante, mama."

"Mzee yuko palepale."

Sahani ile sikuila. Nilimwachia kijana mmoja, nikatoka na suti yangu, nikachukua bodaboda.

Nilipofika niliwasikia wanaume wawili wakizungumza chumbani. Nikapiga hodi, nikafunua pazia kwa mara ya kwanza. Mzee Luambano alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, kitenge kiunoni, na nyuma yake, suruali imekunjwa hadi magotini, alikuwa Bwana Saidi.

Bwana Saidi ni jirani yake wa ukuta mmoja. Ni mtu wa Tunduru, Mwislamu, anafanya biashara ya korosho. Mkono mmoja alimshika mzee kifuani asianguke, mwingine ulikuwa na dodoki.

"Karibu, mwenyekiti," akasema kama vile alinitegemea. "Vua koti hilo, shika upande huu uliolala. Mimi peke yangu napata taabu, anateleza, na miguuni sifiki."

"Bwana Saidi, wewe ndiye..."

"Jumatatu na Alhamisi, tangu augue. Alhamisi namwogesha mapema kabla hamjaja kusali. Majuma mawili haya nilikwenda Tunduru, msimu wa korosho, nimerudi leo asubuhi nakuta mzee wa watu yuko hivi." Akakamua dodoki. "Nilidhani nanyi mna siku zenu. Kumbe hamna?"

Hakusema kwa kejeli. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza saa.

Nikavua koti. Nikapiga goti kwenye sakafu yenye maji, na kwa kuwa nilikuwa chini, nikaiona miguu yake. Ilikuwa imevimba. Kucha zimerefuka na kujikunja, kisigino cha kushoto kina kidonda kilichoanza kuchimba. Alhamisi zile zote miguu hiyo ilikuwa hatua nne kutoka kwenye kiti changu.

Bwana Saidi alinifundisha, nami nawafundisha. Maji yapime kwa kiwiko, maana kiganja kimezoea moto. Anza na upande mzima, ili mgonjwa ajue mkono wako ukoje kabla hujafika upande usiosikia vizuri. Usimvue kitenge, osha kwa kupitisha mkono chini yake, na macho yako yawe ukutani. Mikunjo ikaushwe, hasa kwapani na nyuma ya magoti. Na usizungumzie ugonjwa. Zungumza juu ya bei ya korosho, mpira, chochote.

Mzee alikuwa anatusikiliza. "Huyu anaosha kama anaosha gari," akamwambia Bwana Saidi juu yangu.

"Atazoea, mzee."

"Mimi nimeosha wanaume wa mtaa huu wote waliokufa, miaka na miaka. Hakuna hata mmoja aliyelalamika."

"Wangelalamikaje?" nikasema, nikijaribu kucheka.

"Basi mimi nitalalamika kwa niaba yao. Chini kidogo. Hapo. Usibonyeze, kijana, mimi si unga."

Hakunitaja ile Ijumaa. Nilisubiri aniseme, kama alivyozoea kunisema njia panda, majirani wote wasikie. Hakunisema. Tulimnyoa, tukamvika shati jeupe. Akajigusa shavu kwa mkono wake mzima na kusema, "Sasa hata padre aje." Nikamkumbusha kwamba padre anarudi Jumatatu. Akasema anajua, atasubiri, ana jambo lake.

Jumapili asubuhi, wakati sisi tuko misani, kiharusi kilimrudia.

Padre alifika Jumatatu kama alivyoahidi, na vumbi la njia ya Hanga bado liko kwenye viatu vyake. Alimkuta Mzee Luambano msafi, amenyolewa, shati jeupe, na hawezi kusema neno. Padre akainama, akamwambia, "Mzee, nimekuja. Sema lolote." Mdomo ulicheza. Jicho moja lilikuwa wazi, linamwangalia padre, na lilikuwa linajaribu. Sijawahi kuona mtu akijaribu kitu kwa nguvu namna ile akiwa hajasogea. Padre akamwondolea dhambi zake, akampaka mafuta. Komunyo hakuweza kumeza. Akafariki Jumanne mchana.

Niliwahi kumuuliza padre baadaye. Akaniambia Mungu hahitaji kusikia kwa masikio, kwamba mzee amesamehewa yote. Naamini alichosema padre. Nataka kuamini. Lakini swali langu halikuwa juu ya Mungu. Mzee alikuwa na jambo lililomlemea miaka mingi, akaamua kulitoa Ijumaa, na Ijumaa alikuwa na ulimi. Alikufa nalo kwa sababu mimi sikutaka kulowanisha mikono.

Kuna aibu nyingine, na hii Mama Haule ndiye pekee niliyemwambia. Siku ya mazishi, msemaji wa familia alisimama akashukuru watu. Akasema: "Kwa namna ya pekee tunamshukuru mwenyekiti wa jumuiya, msomi wetu, aliyemwogesha baba kwa mikono yake mwenyewe." Watu wakanitazama kwa heshima. Bwana Saidi alikuwa amesimama nyuma, na kofia yake nyeupe, karibu na michongoma. Nilikuwa na nafasi ya kufungua mdomo. Nilichofanya ni kuinamisha kichwa, kwa unyenyekevu kabisa. Nilimwogesha mara moja.

Kwa hiyo mkisikia nasifiwa kwamba mimi ndiye niliyewarudisha wanaume wa jumuiya hii, jueni imeanzia wapi. Juma lililofuata nilikwenda nyumba kwa nyumba, kwa miguu, nikiwa na beseni. Nilianza na wale wa "Amina". Sikuwahubiria. Nilisema tu, "Nina mgonjwa mwanaume mtaa wa pili, siwezi kumnyanyua peke yangu." Wengine walijificha, nawajua. Lakini fundi wa redio alikuja, na yule baba wa maombi marefu alikuja, na kumbe ana mikono laini kama ya mkunga. Wanaume wale, wakishamwogesha mtu asubuhi, walikaa hadi sala. Huwezi kumwacha mtu uliyemkausha mgongo ukaenda zako kabla hajasali. Ndivyo walivyoingia, na leo kwenye mkeka wako tisa.

Bado nahoji mambo mengi. Nasikia kwenye semina wanasema mwanaume ni kiongozi kwa asili, nami nauliza, asili hiyo ilikuwa wapi Ijumaa ile? Ningekuwa nachagua mimi peke yangu mwezi ujao, ningempa Mama Haule uenyekiti, naye ameshanikatalia mara mbili, anasema miguu imechoka. Lakini simameni, vijana. Kanisa linawahitaji, silisemi hilo kwa sababu ya hotuba yangu. Lina wazee wenye haya, ambao hawatawaita.

Beseni liko kwangu, nyuma ya mlango wa mbele, pamoja na dodoki na mkasi wa kucha. Hotuba yangu ya kurasa tisa sikuitupa. Nyuma ya ukurasa wa kwanza ndiko ninakoandika zamu, kwa penseli, nafuta na kuandika upya. Jumatatu yupo fundi wa redio. Jumatano nipo mimi. Alhamisi ameandikwa Bwana Saidi, aliomba mwenyewe, na hakuna aliyepinga.

Ijumaa haina jina. Na Ijumaa hii padre anapita.